Kufundisha djembe na ngoma za Afrika Magharibi kwa heshima: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huletwa na walimu wa muziki mashuleni, viongozi wa vikundi vya ngoma, na ndugu zetu walioko ughaibuni wanaoombwa kila mara waje "kupiga ngoma za Kiafrika". Majibu yameegemea zaidi Guinea na Mali kwa sababu djembe, ngoma ya huko inayopigwa kwa mikono mitupu, ndiyo inayofundishwa zaidi, na ndiyo inayofundishwa vibaya zaidi.

Mimi ni Mkenya, naishi Ujerumani. Shule ya mtaani kwetu imeniomba nifundishe watoto ngoma za Kiafrika. Nikubali?

Kwanza waulize wanataka ngoma zipi. Mara nyingi wanachokitaka ni djembe, na wamekufikiria wewe kwa sababu umetoka Afrika. Kumbuka kwamba ukipima kwa mstari ulionyooka, Conakry, mji mkuu wa Guinea, iko karibu zaidi na Berlin kuliko ilivyo na Mombasa. Mkamba wa Machakos hakuzaliwa akiijua dununba ya Wamalinke, na Mmalinke wa Kouroussa, Guinea, hakuzaliwa akiijua sengenya ya Wadigo. Kila mmoja hufundishwa.

Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu sisi wa Afrika Mashariki tumezoea kuwaona Wazungu ndio wenye deni la heshima katika jambo hili, sisi tukijihesabu wenyeji popote barani. Uafrika wetu hauchukui nafasi ya kujifunza. Mwalimu Mtanzania anayeshika djembe aliyoijua kwa video mbili na kuwaambia watoto wa Hamburg "hivi ndivyo tunavyopiga kwetu" amewadanganya watoto, na amewanyima Wamalinke haki yao ya kutajwa.

Una njia mbili za uaminifu. Ya kwanza ni kufundisha unachokijua: sengenya, isukuti ya Waluhya, mdundiko wa Wazaramo, sindimba ya Wamakonde, chochote ulichokulia nacho. Isukuti imo katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka tangu 2014, kwa hiyo kuipeleka kwa watoto wa Ulaya si jambo dogo. Njia ya pili, kama kweli umesomea djembe, ni kufundisha djembe na kusema wazi tangu siku ya kwanza: ngoma hii ni ya watu fulani, mimi nilifundishwa na fulani, na huu ndio mwisho wa ninachokijua.

Djembe ni ya nani hasa?

Ni ya jamii za Kimande: Wamalinke, Wabambara, Wasusu na ndugu zao. Kitovu chake ni kaskazini-mashariki mwa Guinea na kusini mwa Mali, na inapigwa pia Kodivaa, Burkina Faso na mashariki mwa Senegal. Kwa desturi wachongaji wake ni wanumu, ukoo wa wahunzi. Mpigaji huitwa djembefola.

Kuna kosa moja linalorudiwa sana, hata kwenye vitabu vya shule: kwamba djembe ni ala ya majeli, wale malenga wa kurithi wanaotunza nasaba na historia. Ala za majeli ni balafoni, kora na ngoni. Djembe haifungwi na ukoo wa namna hiyo. Kijana mwenye kipaji na mwalimu anaweza kuwa djembefola. Ukiwafundisha watoto, wape tofauti hiyo. Wanaielewa haraka.

Wataje pia watu wenyewe. Famoudou Konaté alizaliwa mwaka 1940 kijijini Sangbaralla, karibu na Kouroussa, katika eneo la Hamana. Mamady Keïta alizaliwa Balandougou mwaka 1950, akawa mpigaji wa Ballet National Djoliba, kikundi cha ngoma za jukwaani cha Guinea, kisha mwaka 1991 akafungua shule ya Tam Tam Mandingue mjini Brussels. Alifariki mwaka 2021. Sehemu kubwa ya midundo ya djembe inayofundishwa leo Ulaya, Marekani na Japani imepita mikononi mwa hawa wawili na wenzao wachache. Kama mwalimu wako alifundishwa na mwanafunzi wa mmoja wao, huo ndio mnyororo wako. Usiuvunje kwa kunyamaza.

Kwani ngoma zote za Afrika Magharibi si zinafanana?

Hapana, hata kidogo. Wawolofu wa Senegal wana sabar, inayopigwa kwa mkono mmoja na fimbo moja. Doudou N'Diaye Rose (1930–2015) aliongoza vikundi vya makumi ya wapigaji na kuifikisha majukwaa makubwa ya dunia. Waewe wa Ghana na Togo wana familia nzima ya ngoma: kaganu, kidi, sogo na ile ndefu ya kuongozea, atsimevu, zote zikifuata kengele ya gankogui. Waasante wana fontomfrom na atumpan za ikulu za machifu. Wayoruba wana dundun inayobanwa kwapani na kutamka tani za lugha yao, na bata. Wagaa wa Accra wana kpanlogo, ngoma ya vijana iliyoanza miaka ya 1960 tu.

Kwa hiyo tangazo lako lisiandikwe "ngoma za Afrika Magharibi" kama utafundisha midundo miwili ya Guinea. Andika "djembe na dunun za Wamalinke wa Guinea" (dunun ni ngoma za mapipa zinazopigwa pamoja na djembe). Hakuna mwanafunzi atakayekimbia kwa sababu umemwambia kitu kamili.

Somo la kwanza nianze na nini?

Walimu wengi huanza kwa kumpa kila mtu djembe, kufundisha mapigo matatu (besi katikati ya ngozi, toni ukingoni kwa vidole vilivyobana, slapu ukingoni kwa vidole vilivyolegea), halafu mdundo mmoja ambao darasa zima linapiga kwa pamoja mpaka saa iishe. Watoto wanafurahi, lakini hakuna mdundo wowote wa Kimande uliopigwa hapo.

Sababu yake ni hii. Sikiliza sauti inayokwenda hivi: slapu, nafasi mbili, slapu, nafasi moja, toni toni, nafasi moja, kisha inarudi mwanzo. Msaada huo wa djembe, yaani pigo la kusindikiza, umo katika midundo mingi kabisa. Ukiupiga peke yake, hata mzee wa Kouroussa hawezi kujua umekusudia mdundo gani. Kinachoutambulisha mdundo ni dunun, zile ngoma tatu za mapipa zilizowambwa ngozi ya ng'ombe pande zote mbili. Kenkeni, ndogo, inashika mwendo. Sangban, ya kati, ndiyo yenye sura ya mdundo. Dununba, kubwa, inajibu kwa sauti nzito, mara nyingi kwa maneno machache yenye nafasi kubwa katikati. Hamana kila moja hulazwa na kupigwa na mtu wake, mkono mmoja fimbo kwenye ngozi, mkono mwingine ukigonga kengele ya chuma iliyofungwa juu yake. Kengele na ngozi haziendi sawa, na hapo ndipo wanafunzi hutokwa jasho.

Basi anza na sangban. Waimbishe wanafunzi sauti yake kwa mdomo kabla hawajashika fimbo. Halafu kenkeni, halafu dununba. Djembe iingie mwisho, ikae juu ya kitu kilichokwisha kusimama. Kama huna dunun, tumia mapipa ya plastiki na vipande vya chuma, lakini sauti tatu zile zisikike. Nimeona darasa la watoto wa miaka tisa wakishika sangban ya kassa, mdundo wa kilimo, kwenye ndoo za rangi, wakaielewa kuliko watu wazima waliokaa na djembe za bei mbaya.

Na wasimame wacheze. Mpiga solo wa djembe anatazama miguu ya mchezaji: mguu ukiongeza kasi, solo inapanda pamoja nao, mchezaji akitaka kutoka uwanjani, solo inapiga ule mwito wa kufunga. Mwanafunzi asiyewahi kucheza hatua za mdundo anapiga solo gizani.

Midundo ipi naweza kufundisha, na ipi niiache?

Tuanze na tunachokijua. Mama wa Kizaramo au wa Kimakonde atajisikiaje akikuta ngoma ya unyago, na nyimbo zake, inapigwa hotelini wageni wakila? Kuna maneno ya kungwi kwa mwari ambayo hata mume hayasikii. Nyimbo za jando vivyo hivyo. Wenzetu wa Afrika Magharibi wana mipaka yao, na si vigumu kuiheshimu ukishaijua.

Midundo mingi ya djembe ni ya hadharani. Kassa ni ya kilimo: wapigaji huwafuata wakulima shambani ili kazi iende. Kuku imetoka ukanda wa misitu wa Guinea na leo inapigwa kwenye sherehe za kila aina. Djole imetokana na Watemne wa Sierra Leone, na asili yake hata haikuwa djembe, ilikuwa ngoma za pembe nne. Hizi fundisha kwa moyo mweupe, ukitaja zilikotoka.

Soli inahusu tohara ya vijana. Wamalinke wenyewe wanaifundisha kwa wageni, kwa hiyo si siri, lakini usiipige kama muziki wa kusindikiza chakula. Waambie wanafunzi ni ya nini. Kundi la midundo liitwalo dununba, sawa na ile ngoma kubwa, nalo ni la wanaume wenye nguvu: huko Hamana marika hukutana kwenye bara, uwanja wa katikati ya kijiji, wakacheza kwa mzunguko wakiwa na mijeledi na mashoka ya mapambo, na zamani rika dogo lililotaka kupanda lilipimwa kwa viboko. Ukifundisha dununba bila kusema haya umewapa wanafunzi mdundo wa kasi tu, na wataucheza wakichekacheka.

Kuna kundi la tatu, na hapo msimamo wangu ni mkali: acha. Bata za Wayoruba zina uhusiano wa karibu na ibada ya Sango na Egungun. Baadhi ya ngoma za Waewe ni za madhabahu ya Yeve, kwa walioingizwa katika ibada hiyo. Fontomfrom inamfuata chifu. Kama hujaruhusiwa na wenyewe, hizi si zako kuzifundisha, hata kama kuna rekodi zake zimejaa mtandaoni. Kwa Waewe kuna agbadza na gahu, ngoma za watu wote, na zinatosha kukuweka darasani mwaka mzima.

Vikundi vya ballet vya Guinea ndivyo vyenye asili ya kweli?

Vina ukweli wake, lakini ni ukweli wa jukwaani. Fodéba Keïta alianzisha Les Ballets Africains mjini Paris mwanzoni mwa miaka ya 1950, na baada ya uhuru wa 1958 kikundi kikawa cha taifa. Kijijini mdundo mmoja unaweza kwenda saa nzima kwa ajili ya wachezaji wanaoingia na kutoka. Jukwaani una dakika chache, mabadiliko yaliyopangwa na miito ya pamoja. Mzunguko wa watu ukafunguliwa, watazamaji wakakaa upande mmoja. Djembe, ambazo kijijini ni moja au mbili, zikawa safu nzima.

Kuna upande mchungu pia. Katika miaka hiyohiyo serikali ya Sékou Touré, rais wa kwanza wa Guinea, iliendesha kampeni ya "kuondoa ushirikina": katika ukanda wa misitu vinyago vilichomwa na jando za msituni zikapigwa marufuku, huku ngoma za watu haohao zikipelekwa jukwaani kama fahari ya taifa. Mwanafunzi mkubwa anapaswa kulijua hilo. Sisi Watanzania hatuko mbali na habari hii. Nyerere alipounda wizara ya utamaduni wa taifa mwaka 1962, ngoma za makabila nazo zilianza safari ya kutoka uwanjani kwenda jukwaani.

Fundisha mtindo wa ballet ukipenda, ni sanaa kubwa. Uite tu kwa jina lake.

Naweza kubadilisha mdundo au kutunga wangu?

Unaweza. Wao wenyewe wanabadilisha, na baadhi ya midundo inayofundishwa ughaibuni kama ya jadi ilitungwa na Mamady Keïta mwenyewe. Ila tenganisha: hiki nimefundishwa, hiki nimekipanga mimi. Solo ya mtu uliyoikariri neno kwa neno kutoka kwenye rekodi yake ina mwenyewe, na anatajwa.

Wanafunzi wa kike waruhusiwe?

Ndiyo. Kwa desturi djembe huko Umandeni ilikuwa ya wanaume, na wanawake walikuwa na ala zao, pamoja na kibuyu kinachofudikizwa juu ya maji na kupigwa. Hiyo ni historia, isimulie kama ilivyo. Lakini Guinea ya leo ina wapigaji wanawake wa kiwango cha juu. Kikundi cha Nimbaya! kimezunguka nchi nyingi. Walimu wakubwa wa Guinea wamewafundisha wanawake kwa miaka mingi, kwa hiyo mwalimu wa Nairobi hana sababu ya kuwa mkali kuliko wao.

Burundi ni habari nyingine. Huko amri ya rais ya mwaka 2017 iliwazuia wanawake kupiga ngoma za kifalme. Usichukue kanuni ya ngoma moja ukaibandika kwenye nyingine.

Wazazi wanaogopa kwamba ngoma hizi ni za mizimu.

Wajibu kwa upole na kwa ukweli. Wengi wa watu wa Guinea na Mali ni Waislamu, na wapiga djembe wengi ni Waislamu wanaoswali. Djembe hupigwa harusini, mtoto anapopewa jina, shambani, kwenye sikukuu. Mualike mzazi akae darasani. Akisikia kassa ikifundishwa kama ngoma ya kulimia, hofu hupungua. Asipokubali, mheshimu; usimwambie amepoteza utamaduni.

Nifundishe kwa maandishi, video au kwa mdomo?

Kwa mdomo na mkono kwanza. Maandishi ya nota yanasaidia kukumbuka, lakini yanagawa muda vipande vilivyo sawasawa, na midundo mingi ya Kimande haiko sawasawa: pigo moja linavutwa kidogo, jingine linaharakishwa, na ndiyo ladha yenyewe. Mtu aliyejifunzia kwenye karatasi utamjua. Yuko sahihi na amekauka. Wape wanafunzi rekodi za wapigaji wenyewe wasikilize nyumbani.

Tuvae nini kwenye maonyesho?

Nguo safi zinazokuwezesha kupiga. Vinyago, ngozi za wanyama na rangi za usoni ili "kuonekana wa porini" hapana, kamwe. Nguo za Guinea mkizivaa, ziwe mmezinunua kwa watu wa Guinea na mjue zinavaliwa lini.

Ngoma nzuri nitaipata wapi?

Djembe ya kweli huchongwa kwenye gogo moja la mti mgumu kama lenke au dugura, ikawambwa ngozi ya mbuzi, na ndani yake utaona alama za tezo zikizunguka. Zamani ngozi ilishikwa kwa kamba za ngozi na kupashwa moto ili ikaze. Pete za chuma na kamba za kisasa zilikuja baadaye. Zile nyepesi zilizopakwa rangi za twiga kwenye maduka ya watalii ni mapambo, zitawaumiza watoto mikono bila kutoa slapu.

Ukiagiza kutoka huko, fahamu kuwa miti ya jenasi za Afzelia (lenke ni mmojawapo) na Khaya ya Afrika iliingizwa mwaka 2022 katika udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa hiyo muulize muuzaji kuhusu karatasi. Pia hakuna ubaya kumpelekea kazi fundi wa hapa Afrika Mashariki. Mafundi wa Mpambire, kwenye barabara ya Kampala kwenda Masaka, wamewamba ngozi vizazi na vizazi. Ngozi ya djembe inataka kuwa nyembamba na kukazwa sana kuliko walivyozoea kwa ngoma za Buganda, kwa hiyo kaa naye, mweleze, na ulipe muda wake.

Fedha ziende vipi?

Kama darasa lako linakuingizia kipato, sehemu irudi kwa wenye ngoma. Njia ya moja kwa moja ni kumwalika djembefola kwa semina na kumlipa sawa na unavyomlipa mpiga piano, nauli na malazi juu yako. Nunua rekodi zao badala ya kuzisambaza kwa simu. Ukisafiri kwenda Conakry au Bamako kujifunza, patana ada kabla, lipa kwa wakati, omba ruhusa kabla ya kurekodi, na uulize kama unaruhusiwa kufundisha ulichorekodi. Wapo watakaokubali kila kitu, wapo watakaosema mdundo huu ubaki kwako. Likiwa hapana, ni hapana.

Nitambulishe vipi mdundo mbele ya watu?

Kwa sentensi mbili tatu, kabla ya kupiga. Mfano: "Mtakaousikia ni kassa, mdundo wa kilimo wa Wamalinke wa Guinea. Tumefundishwa na Bwana Fulani, aliyejifunza kwa Famoudou Konaté. Mpangilio wa leo ni wetu wenyewe." Yatosha. Hotuba ndefu inapoza ngoma.

Mikono inavimba na kuuma. Ni kawaida?

Wekundu na joto kidogo kwa anayeanza, ndiyo. Maumivu ya mfupa, hapana: ni dalili kwamba unapiga kwa nguvu ya bega badala ya kuuachia mkono udunde. Vua pete, bangili na saa, kwa usalama wako na wa ngozi. Baada ya kupiga kwa saa nyingi bila kupumzika, baadhi ya watu huona mkojo umekuwa mwekundu au wa kahawia, kwa sababu chembe za damu hupasuka mikononi. Ikitokea, acha kupiga, kunywa maji, na umwone daktari. Watoto wasizidi dakika arobaini bila kubadilishana. Anayetoka kwenye djembe ahamie kengele, na wa kengele aende kucheza.